Ukurasa Usiopita kwa Mama Saa

Mheshimiwa mgeni rasmi, wakuu wa vitengo, wageni wetu, na nyinyi majirani wa karakana ya injini mliozima mashine zenu ili tusikike, karibuni sana.

Sisi wafanyakazi wa Karakana ya Kompyuta za Magari tuna furaha leo, na hatuifichi. Viti mlivyokalia tumevifuta mara mbili, na nyaya za sakafuni tumezibandika ili asijikwae mtu.

HISTORIA FUPI

Tulianza miaka sita iliyopita tukiwa watu wanne na meza moja. Tulipewa kazi ya kuunda kompyuta ya gari lisilo na dereva, linalowatangulia askari kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Kompyuta hiyo lazima ijibu papo hapo: igawe sekunde moja vipande mia, na katika kila kipande ijue kama gari lisonge au lisimame. Tena adui akijipenyeza kwa redio, asiweze kuliamuru.

Mkuu wa kazi yetu ni fundi mmoja, mama wa watoto watatu, ambaye ukimwuliza saa anakutajia na sekunde. Tunamwita Mama Saa. Jina halipendi, lakini huitika.

Katika jaribio la kwanza tuliweka ndani ya kompyuta kufuli juu ya kufuli za kumzuia adui. Amri ya "simama" ilikaguliwa vizuri mno, na ilipomaliza kukaguliwa gari lilikuwa limeshapita juu ya bomu la bandia. Katika jaribio la pili tukapunguza kufuli. Wataalamu wa kuvamia mitandao, tuliowaalika wenyewe watujaribu, wakaingia kabla chai yao haijapoa, wakalizungusha gari uwanjani huku wakipiga honi. Tulicheka, kisha tukarudi mezani shingo upande.

Hapo Mama Saa akasema, "Jamani, mlinzi mmoja tumembebesha kila kitu. Tumpe mwenzake."

Tukaweka kompyuta ya pili, ndogo. Hii haisikilizi redio kabisa, na programu yake haibadilishwi mpaka mtu aifungue kwa bisibisi. Kazi yake ni kuitazama ile kubwa tu. Kubwa ikichelewa, au ikitoa amri isiyoruhusiwa, ndogo inalisimamisha gari na kuwasha taa nyekundu.

Jaribio la tatu halikwenda vizuri.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, jaribio la nne lilifanyika mwezi uliopita. Wavamizi wetu walihangaika siku tatu wakaambulia patupu. Kiongozi wao, dada mwenye majigambo yake, alikuja mwenyewe karakanani.

"Mama, siku tatu! Hata honi sijaipiga!"

"Pole, mwanangu," Mama Saa akamjibu. "Kunywa maji."

Kisha akaenda nyuma ya gari, akidhani hatumwoni, akacheza. Alicheza hatua nne, akatazama saa yake, akarudi kazini. Sisi wengine tulishangilia mpaka mafundi wa injini wakaja kutuuliza tumefiwa au tumeoa.

CHANGAMOTO

Kiyoyozi cha chumba cha majaribio kinavuja, na chini yake tumeweka ndoo. Umeme hukatika mara kwa mara. Vilevile, mkuu wa kazi amehamishiwa ghala la mahema kuanzia Jumatatu, kwa barua ya ofisi yako. Ni mabadiliko ya kawaida ya watumishi.

Sentensi hiyo ya mwisho ameiandika Mama Saa mwenyewe. Risala hii ameikagua mstari kwa mstari, na kila tulipoandika "shujaa" alifuta akaandika "mtumishi".

MAOMBI

Katika nakala aliyoikagua, ombi lilikuwa moja tu: kiyoyozi kipya. Ukurasa huu hakuuona. Tumeuingiza asubuhi hii, alipokwenda getini kukupokea.

Mheshimiwa, siku ya jaribio la tatu gari lilisimama ghafla mbele ya wageni, likagoma kusogea. Watu wakaguna. Mate hayajakauka, barua ikatoka kwamba mkuu wa kazi ameshindwa, na kwamba majaribio yakiisha atahamishwa. Lakini kumbukumbu za kompyuta, ambazo tumeziambatisha hapa, zinaonyesha kwamba mvamizi mmoja alianza dakika nne kabla ya muda wa ratiba, na gari likamgundua, likasimama. Lilifanya kile kile tulicholitengenezea. Hata taa nyekundu iliwaka. Haikuonekana kwa sababu asubuhi ile, wakati wa kupaka gari rangi, ilifunikwa kwa karatasi ya gundi, na karatasi ikasahaulika.

Aliyeibandika ni mimi ninayewasomea.

Nilitaka kusema siku ile ile. Mama Saa akanishika mkono akanivuta pembeni. "Wewe uko kwenye mkataba wa miezi mitatu, watakufukuza. Mimi watanihamisha tu. Nyamaza." Kumbukumbu akazifungia kabatini, maana zingezua maswali kuhusu taa. Nikanyamaza, na wenzangu wote wakanyamaza pamoja nami. Tunaona aibu.

Kwa hiyo, mheshimiwa, kiyoyozi kisubiri. Tunakuomba Jumatatu Mama Saa abaki hapa. Na kama ghala la mahema ni lazima lipate mtu, basi mtu mwenyewe ndiye huyu anayesoma, na mkoba wake umeshafungwa.

Bila shaka sasa hivi Mama Saa ameinuka kule nyuma na ananikazia macho. Utusamehe, mama. Umetufundisha kuziba kila mwanya, lakini wewe mwenyewe ulikuwa umejiacha wazi, na sisi ndio tuliopenya.

Mwenyezi Mungu akujalie afya na moyo mwepesi, mheshimiwa mgeni rasmi, na awarudishe nyumbani wakiwa wazima askari wote wanaotembea nyuma ya gari letu.

Ni sisi, wafanyakazi wa Karakana ya Kompyuta za Magari. Tuko kumi na mmoja, tukimhesabu yeye.