Mama Subiri na Mstari Usioandikwa Daftarini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Subiri anakabidhi funguo za chumba cha seva baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara ya kompyuta hapa hospitalini. Alianza kama mchapaji mwenye vidole vyepesi na baiskeli isiyo na breki. Anaondoka akiwa msimamizi mkuu wa mitambo. Vidole ni vile vile. Baiskeli, tunashukuru, alishaitupa.

Jina tulimpa sisi. Mtambo ukigoma, mikono yetu sote hukimbilia kitufe cha kuzima na kuwasha. Yeye husema subiri kwanza, huvuta kiti, huvaa miwani, kisha husoma kila ulichoandika mtambo, kuanzia juu. Bosi mmoja aliwahi kumkumbusha kwamba wagonjwa hawasubiri. Akamjibu kuwa hata daktari huuliza kwanza panauma wapi. Bosi naye akavuta kiti.

Halafu kuna daftari. Badiliko lolote kwenye mtambo huandikwa kwa kalamu: siku, saa, nani kagusa, kagusa nini. Madaftari yamefika kumi na saba. Anayegusa bila kuandika hufuta vumbi chumba cha seva wiki nzima, awe nani. Mimi ninayeandika haya nilikifuta mara nne mwanzoni, hadi nikakoma.

Sasa niseme la mwaka juzi, maana wengi walisikia nusu tu. Niliweka toleo jipya la kiini cha mfumo kwenye seva ya maabara. Kiini ndicho sehemu ya ndani kabisa, inayogawia programu zote memori. Jumatatu asubuhi yakamiminika maonyo: ombi la memori limeshindikana, ombi la memori limeshindikana. Na ukitazama, memori ipo tele! Kufika saa tano majibu ya vipimo yalikuwa yanachelewa wodini, na makarani wanapanda ngazi mbio na karatasi mikononi. Mkono wa mwisho kugusa ulikuwa wangu, nami nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, zimebaki wiki mbili. Nyumbani nina mtoto wa miezi mitatu. Kikao kikaitwa saa nane, nikajua nafungashiwa virago. Niliogopa, sifichi.

Mama Subiri akavuta kiti. Akanionyesha dirishani benchi la wagonjwa: nafasi zilikuwepo nne, ila moja moja, huku na kule. Ikija familia ya watu wanne inayotaka kukaa pamoja, itasimama. Kiini kipya kilikuwa kinaomba memori kwa mafungu makubwa yaliyoshikana, na akiba iliyotengwa kwa dharura ilikuwa ndogo mno. Tukautafuta kwenye faili ya mipangilio mstari ulioibana akiba hiyo, tukaupata. Daftarini haukuwemo. Akaisoma tarehe ya faili, miaka kumi na miwili nyuma, akavua miwani. Baadaye nilikuja kujua ilikuwa siku binti yake alipojifungua mapacha. Aliuweka mstari ule, simu ikaita, akatoka mbio bila kuandika.

Hakuna mwingine aliyejua mstari ule ni wa nani. Angerekebisha kimya kimya na maonyo yangekoma. Mimi ningeondoka huku nikimshukuru kwa kunihangaikia. Yeye alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na heshima yake yote ilikuwa kwenye daftari lile.

Aliongeza akiba, akaandika, tukasubiri dakika arobaini. Hakuna onyo hata moja. Saa nane akaingia kikaoni na daftari kwapani, akamweleza mkurugenzi mbele ya wote kwamba mstari ni wake na kosa la kutouandika ni lake. Kuhusu mimi alisema nimeandika kila kitu, hadi saa niliyokwenda kunywa maji. Wiki mbili baadaye nikathibitishwa kazini.

Na wiki iliyofuata kikao kile alifuta vumbi chumba cha seva, siku zote tano, na kitambaa chake kutoka nyumbani. Nilijaribu kumpokea, akanifukuza.

Mengine mnayajua: faili za wagonjwa alizozihamisha kutoka kwenye makabati bila kupoteza hata moja, mafundi tisa aliowalea, na vicheko vyake vinavyosikika hadi dirisha la dawa. Mumewe, fundi cherehani, ajiandae. Makopo yake ya vifungo yatakaguliwa, kuanzia juu.

Leo asubuhi amenikabidhi daftari la kumi na nane. Ukurasa wa kwanza umeshajazwa kwa mkono wake: tarehe, saa mbili na robo, nimeondoa jina langu kwenye mitambo yote, mapacha wananingoja getini. Safari hii ameandika kwanza ndipo akatoka.

Mama, asante kwa kila kitu. Afya ikuandame, na siku zako ziwe ndefu na nyepesi. Tulitamani sana kukuambia subiri kwanza, lakini wajukuu wamekuwahi.