Mama Salu na Swali la Matobolwa

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 1997, Bibi Jenifer Malimi, ambaye wote tunamwita Mama Salu, anastaafu kazi ya mapokezi katika hospitali yetu hapa Bariadi baada ya kuitumikia kwa miaka ishirini na minne. Nimeombwa niandike maneno haya kwa ajili ya sherehe yake kwa sababu nimetoka shule juzijuzi na inasemekana mwandiko wangu unasomeka. Machache nimeyaona mwenyewe. Mengi nimesimuliwa na wenzangu wa wodini, nao wameapa kwamba hawakuongeza chumvi.

Mama Salu ni mzaliwa wa Mkula. Alianza mwaka 1973 akiwa mhudumu wa usafi katika wodi ya akina mama. Muuguzi mkuu wa wakati huo aligundua kwamba Jenifer akisema neno wodini, linasikika mpaka jikoni. Akahamishiwa mapokezi, akawa anaita majina ya wagonjwa. Hospitali haikuwa na kipaza sauti. Mpaka leo haina, na hakuna aliyewahi kukumbuka kukiomba.

Zaidi ya kuita majina, aliwaandaa wanaokuja kulazwa. Siku hizi maduka ya dawa yamefunguliwa mji mzima, na vitu vingi ambavyo zamani mgonjwa alivikuta wodini inabidi aje navyo. Mama Salu aliwafundisha watu bila kuchoka: beseni, sabuni, shuka, kikombe, glovu, na ndugu mmoja wa kumuuguza. Vita ilikuwa kwenye huyo mmoja. Mzee fulani wa Nyashimo, mkulima wa pamba, aliambiwa ajiandae kulazwa wiki nzima. Akafika na wake wawili, godoro, jiko la mkaa na mbuzi.

“Mwangaluka, baba,” Mama Salu alimsalimia vizuri. “Huyu mbuzi anaumwa nini?”

“Haumwi kitu.”

“Basi arudi nyumbani. Hapa tunalaza wanaoumwa.”

Lakini kilichompa jina hasa ni swali lake. Anayekwenda kupasuliwa hatakiwi kula chochote tangu usiku, maana akitapika akiwa kwenye usingizi wa dawa anaweza kufa. Shida ni kwamba kwetu chakula ni ugali. Mtu anaweza kunywa maziwa, akatafuna karanga na mfuko mzima wa matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kisha akaulizwa kama amekula akajibu kwa moyo safi kabisa kwamba hajala. Kwa hiyo Mama Salu hakuuliza habari za chakula. Aliuliza kimoja kimoja, foleni nzima ikisikia: “Ugali? Uji? Maziwa? Karanga? Na matobolwa je?” Watoto wa nyumba za wafanyakazi waliyageuza maswali hayo kuwa mchezo wa kuruka kamba.

Mwaka jana ikawa zamu yake. Uvimbe wa shingoni, ambao kwa muda mrefu aliufunika kwa mtandio, ulianza kumkaba. Sauti ilikuwa ikikatika katikati ya jina la mgonjwa, na Luhaga, karani wa kadi, akalazimika kulimalizia. Daktari bingwa anayekuja mara chache kutoka Mwanza alimweleza wazi. Uvimbe usipotolewa, utaendelea kukaba. Ukitolewa, sauti inaweza kupotea, kwa sababu neva yake inapita hapo hapo. Mama Salu alisema anakwenda kufikiri, na alifikiri mpaka daktari akaondoka. Daktari aliporudi safari ya pili, wenzake Mama Salu walimshika mkono wakampeleka wodini.

Alifika bila beseni. Sabuni hakuwa nayo. Ndugu wa kumuuguza walikuwa mabinti zake watatu, na alipokumbushwa sheria alisema kwamba hao ni wembamba, wakikaa pamoja wanatosha mmoja.

Asubuhi ya upasuaji Novatus, mtaalamu wetu wa dawa ya usingizi, alimwuliza kama amekula. Akajibu hapana. Kwenye kitanda cha jirani alilala Ng'washi, bibi kutoka Mwanhuzi, ambaye juzi yake tu alikuwa amehojiwa na Mama Salu mapokezi. Bibi akajiinua kwa kiwiko, akamwita mama kwa Kisukuma.

“Mayu, na matobolwa je?”

Mama Salu akatazama dari. “Mawili tu. Tena madogo.”

“Hata madogo yanamezwa, mayu!”

Wodi nzima ilicheka, isipokuwa Novatus. Mama Salu alieleza kwamba hofu ilimnyima usingizi na mkono ukaenda wenyewe mfukoni. Tunamwamini, kiasi. Akatolewa nafasi ya kwanza akawekwa ya mwisho, na daktari alikuwa anaondoka kesho yake. Siku nzima mabinti zake walikaa mlangoni wakihesabu machela zinazotoka. Jioni kabisa ndipo aliposukumwa ndani.

Upasuaji ulikwenda vizuri, lakini Mama Salu aliamka ananong'ona. Siku ya pili alinong'ona, na ya tatu pia. Watu waliokuwa wakimwomba apunguze kelele walipita kitandani kwake wakijifanya wana maswali ili wasikie kama kuna nafuu. Luhaga aliita majina mapokezi kwa upole, na nusu ya wagonjwa hawakusikia.

Siku ya nne, muda wa kutazama wagonjwa ulipokwisha, wodi ilishtuka kwa sauti iliyokwaruza kidogo lakini ya mwenyewe:

“Wewe uliye chini ya kitanda cha Ng'washi, toka! Miguu naiona!”

Akatoka mjukuu wa bibi, Mayige, mwanamume mwenye ndevu, huku anaomba radhi. Novatus alikuwa anapita barazani. Wanasema aliegemea ukuta akacheka mpaka akajifuta machozi, na hakuona haya.

Tangu arudi kazini Mama Salu anauliza maswali yale yale, ila anaanza kwa kumwambia mgonjwa kwamba yeye mwenyewe matobolwa yalimponza. Watu wanacheka, kisha wanasema ukweli.

Asante, Mama, kwa wote uliowapokea wakiwa na hofu ukawatuma wodini wakitabasamu. Tunakuombea afya na mvua ya kutosha huko Mkula. Wajukuu zako, ambao kuanzia Jumanne watakuwa wanaitwa kutoka shamba la tatu na kusikia, tunawapa pole mapema.

Flora Nyanda, Mapokezi