Mnara wa Kitabuni

Kwenye basi la kutoka mji wa Ludlow, Uingereza, Hester Gough alijifanya anatazama kondoo dirishani, lakini masikio yake yote yalikuwa kwenye kiti cha mbele. Mzee mmoja mwenye kofia alikuwa akimfokea mama aliyeketi naye, kana kwamba kosa ni lake.

"Mshairi gani yule! Kanisa letu kalipatia mnara mrefu uliochongoka kwenye shairi lake, na haupo! Kila kiangazi wageni wanakuja na kitabu chake, wananiuliza uko wapi, mimi ninayekata majani pale, kana kwamba nimeuficha."

Mama akacheka. "Msamehe, bwana. Kaka yangu alikuwa mpiga kengele palepale. Alijua fika kwamba mnara wenyewe ni mfupi kama kisiki. Lakini vitani, kule jangwani, alikuwa na kitabu hicho mfukoni, na kila akifumba macho aliuona umechongoka hadi mawinguni. Anasema ndio uliomrudisha nyumbani. Mimi namshukuru yule mshairi mpaka leo."

"Bado ni uongo, mama."

"Basi na uwe uongo."

Basi likasimama kanisani. Mzee akashuka akinung'unika. Hester akamwona amesimama langoni, kofia mkononi, anatazama juu ya ule mnara mfupi, penye anga tupu.