Muziki wa Cherehani Mbovu

Benchi la mbele ya kibanda cha fundi cherehani lina miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi linabeba watu walewale: Fundi mwenyewe, Mkasi, kinyozi wa mlango wa pili, aliyepewa jina hilo kwa kukata maneno ya wenzake zaidi kuliko nywele, na Profesa, fundi saa, anayejibu hata maswali ya redioni. Siku hiyo Fundi alikuwa na fomu mapajani. Ilitakiwa irudi shuleni kabla ya saa sita ikiwa na sahihi ya mzazi. Bila sahihi, nafasi ya binti yake wa miaka kumi na mitatu katika darasa la sauti ingepewa mtoto mwingine.

— Darasa la nini? aliuliza Mkasi.

— La sauti, akasema Fundi. Wanarekodi vitu. Mlango, bomba la maji, mvua juu ya bati. Wanaingiza kwenye kompyuta, wanakatakata, wanaunga, wanasema ni muziki.

— Bomba la maji?

— Wangu karekodi cherehani. Ile inayokwama, ya mama wa mapazia, aliyoniletea niitengeneze. Kaniwekea kwenye simu, nikamwambia nitasikiliza baadaye.

— Lini hiyo?

— Wiki iliyopita.

Mkasi alikunywa kahawa, akafikiri kidogo.

— Usitie sahihi. Muziki ni mtu kushika gitaa akatoka jasho. Mtoto akizoea kusikiliza bomba, kesho utamkuta anapiga nalo soga.

— Hilo dogo, akasema Profesa. Shida ni sikio. Sikio ni kama kabati. Ukilijaza milango na mabomba, hesabu utaziweka wapi?

Hapo Fundi aliguswa. Hesabu za binti yake zilikuwa zimeshuka muhula uliopita, na yeye mwenyewe aliacha shule kabla hajafika mahali pa kumsaidia.

— Kwa hiyo la mwanangu limeshajaa?

— Linakaribia.

— Halafu cherehani yenyewe ni ya watu, Mkasi akadakia. Mwenyewe kaulizwa?

— Hajaulizwa.

— Basi huo ni wizi mdogo.

— Mdogo wapi! akasema Profesa. Mashine ukiichukua sauti, unaipunguza nguvu. Mimi niliwahi kurekodi mlio wa saa ya mteja. Wiki ileile ikasimama.

— Si ililetwa kwako kwa sababu imesimama?

— Ikasimama zaidi.

Fundi aliikunja fomu mara mbili. Wakati huo mama wa mapazia akatokea, amekuja kuichukua cherehani yake.

— Mama, keti kwanza, akasema Mkasi. Una kesi.

Wakamweleza yote, mpaka kabati. Mama aliwasikiliza kwa heshima, kisha akamgeukia Fundi.

— Naweza kuusikia huo muziki?

Fundi akaiweka simu katikati ya benchi. Ilianza sindano, tak, tak, tak, kisha ikakwama. Binti alikuwa amekichukua kile kikwamo akakirudia na kukirudia, akakishusha mpaka kikawa kizito kifuani, akautandaza juu yake mvumo wa gurudumu. Profesa alibaki na kahawa mdomoni. Na chini kabisa, ikifuata sindano, kulikuwa na sauti ya mwanamume akiimba polepole, bila maneno.

— Huyu anayeimba ni nani? akauliza mama.

Mkasi akamtazama Profesa. Profesa akaitazama simu. Miaka tisa wamekaa na Fundi hapo, hawajamsikia hata akipiga mluzi.

Fundi alijua ni nani, maana jioni ile ya kurekodi kibandani walikuwa wawili tu, yeye na binti yake. Asichojua ni alianza lini kuimba.

— Mkasi, niazime kalamu.

— Na hesabu je?

— Kalamu, bwana.

Akatia sahihi juu ya goti, akaipeleka fomu shuleni mwenyewe, akiwaachia simu ikiendelea kuimba benchini.