Mkono Usiongoja Kichwa

Kwenye basi la kushuka mjini Riobamba, huku kwetu milimani Ekwado, Mama Zoila wa mtaani kwetu alikuwa amepakata kikapu chenye simbilisi mweusi, kinyama kidogo cha kufugwa mfano wa sungura asiye na mkia. Mguu wake wa kulia ulikuwa ukiwaka moto tangu mavuno, naye alikuwa anaelekea kwa mganga. Mganga angempitisha simbilisi juu ya mwili wa mama, kisha angempasua mnyama huyo aone ugonjwa umekaa wapi.

Jirani yake wa kiti, kijana aliyetariziwa jina Wilmer kwenye koti jeupe la wanafunzi wa udaktari, hakuweza kunyamaza. "Mama, mguu wako mzima kabisa. Ndani ya uti wa mgongo mna ugwe, kamba laini inayotoka ubongoni. Mishipa ya fahamu inachipukia humo mpaka vidoleni. Mshipa wa mguu wako umebanwa kiunoni, ndiyo maana unawaka."

"Yaani kikosee kiuno, uchapwe mguu? Mwanangu, hayo umesoma au umeota?"

Sisi wa nyuma tulisogeza masikio.

"Muonee huruma huyu mnyama, mama." Kijana akaingiza kidole kikapuni kumbembeleza. Simbilisi akakiuma. Mkono uliruka hadi dirishani, na yowe likafuata nyuma yake. Tulicheka basi zima, yeye akatuzidi.

"Mmeona? Ugwe umeuamuru mkono wenyewe! Ubongo unaletewa habari, mkono ushaondoka!"

Basi likasimama mbele ya hospitali. "Shuka nami, mama, wakupime mgongo."

Mama Zoila akafunika kikapu chake. "Mkono wako umeshindwa kungoja kichwa chako mwenyewe, mwanangu. Mguu wangu ndio ungoje foleni yenu?"