Mwalimu Sumari Anastaafu, Jiwe Lake Bado Liko Njiani

Tarehe 30 Juni 2026, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Fizikia shuleni kwetu hapa Oldonyo Sambu, Mwalimu Aminiel Sumari atakabidhi funguo za maabara. Maabara yenyewe ni stoo ya majembe, lakini funguo ni za kweli.

Alifika mwaka 1995 na begi moja na redio. Redio ndiyo iliyomponza. Desemba 2004 ilimtangazia jiwe la anga liitwalo Apophis, lenye urefu wa viwanja vitatu vya mpira, ambalo huenda lingeigonga Dunia mwaka 2029. Kisha betri zikaisha. Januari akawatangazia wazazi mkutanoni. Februari akanunua betri na kusikia kwamba hesabu zilirudiwa na halitagonga, ila mkutano wa wazazi ni mara moja kwa mwaka. Mwaka ule Oldonyo Sambu ilisali kuliko ilivyowahi kusali, na mchungaji mmoja alimwomba Mwalimu asiharakishe masahihisho.

Tangu hapo amelifundisha jiwe hilo kama mtu anayetubu. Hulizunguka Jua kwa siku 324, nasi tulionyeshwa kwa jiwe halisi na kamba ya katani. Mahafali ya 2011 kamba ilikatika, na mgeni rasmi akamalizia somo chini ya meza.

Apophis itapita karibu nasi Aprili 2029, ionekane kwa macho matupu. Mwalimu aliomba kuongezewa miaka mitatu aione na wanafunzi wake. Ofisi ikamshauri, kwa heshima zote, aisogeze shughuli hiyo iwe kabla ya tarehe ya kustaafu. Tulicheka sana, mpaka tulipoona yeye hacheki. Kwamba Aprili ni masika, na Mlima Meru wenyewe hauonekani, hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

Januari hii aliomba kufundisha Kidato cha Kwanza, akawapigisha hesabu za Apophis kabla hawajajua kupima dawati. Tukasema ni uzee. Kumbe 2029 watoto hao watakuwa Kidato cha Nne, bado wako hapa, na wameshapanga atakaa wapi uwanjani.

Mwalimu, asante, na utusamehe kicheko. Nenda Nduruma ukalime, tunakutakia maisha mema na afya ya kufika Aprili ile. Jiwe hatuna wasiwasi nalo. Usikose wewe.

Joyce, mwalimu wa Historia, na kuanzia Julai, Mungu atusaidie, wa Fizikia.