Mama Mapovu na Kofia ya Soksi

Je, msikilizaji, umewahi kumshika mtoto wa gramu mia tisa? Mimi nimemshika. Ni mjukuu wangu.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka muuguzi wa watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya siku zao. Tulimwita Mama Mapovu. Alitutoka wiki iliyopita, baada ya miaka thelathini na mmoja katika wodi ile ile.

Mjukuu wangu alikuja miezi mitatu mapema. Gramu mia tisa, narudia, hata kilo haikufika. Mapafu yake yalishikana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Wakampitishia mrija kooni, mashine ikampumulia. Mrija ukiwa kooni, mtoto hulia bila sauti. Unaona mdomo tu. Binti yangu alikaa pale kama jiwe. Kila asubuhi Mama Mapovu alimwuliza anataka nini, naye alijibu, "Hakuna, sista."

Siku ya sita mrija ukatolewa, akawekewa vijirija vya puani. Ncha nyingine huzama kwenye chupa ya maji. Maji yakitoa mapovu, mapafu yako wazi. Mara mapovu yakakoma. Mtoto akageuka bluu, akarudishwa kwenye mashine.

Daktari akasema mapafu bado. Mama Mapovu akabisha kwa adabu. Alisema kosa ni la kofia inayoshikilia vijirija kichwani: ni kubwa, vinateleza. Akakata soksi mpya, nyeupe, akashona kofia ya kichwa cha ukubwa wa chungwa.

Mumewe, fundi seremala, aliniambia juzi: "Mimi nikikoroma, analala fofofo. Sufuria ikiacha kutokota, yuko macho."

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, wakajaribu tena. Kofia ikashika. Mapovu hayakukoma. Narudia, hayakukoma! Leo mtoto huyo yuko darasa la sita, na mwalimu wake analalamika kwamba hafungi mdomo.

Kwa mumewe na wanawe, poleni sana. Nasi tujiulize: nani alikaa karibu nasi wakati pumzi zilikuwa haba? Kama yu hai, twende tukamshukuru.

Asubuhi ile, mapovu yakitokota, mtoto alilia. Kasauti kembamba, lakini wodi nzima ilisikia. Kwa mazoea ya ulezi nikainama nimbembeleze anyamaze. Binti yangu akanishika mkono.

"Mwache alie, mama," akasema. "Siku zote hizi nilitaka nimsikie tu."